Ni msongo, wasiwasi, huzuni au sonona? Chagua neno kabla hujachagua mlango

Shangazi yangu alipimwa presha mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara zote nne kitambaa kilimbana mkono, mashine ikalia, na namba zikatoka za mtu mzima wa afya njema: 120 kwa 80, siku nyingine 124 kwa 82. Bado alirudi nyumbani akawaambia majirani ana presha. Hakuwa anadanganya. Saa nane za usiku moyo ulikuwa unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, kifua kinabana mpaka anaketi kitandani akisubiri roho itoke. Kwa Kiswahili alichokuwa nacho, jambo hilo lilikuwa na jina moja tu.

Alipochoka na presha akahamia neno la pili: "Mwanangu, mimi nina mawazo." Na hapo kila mtu alielewa kwa namna yake. Jirani alisikia huzuni, akamwambia amwachie Mungu. Binamu yangu wa chuo alisikia stresi, akamshauri apumzike. Mama mmoja wa kikoba alisikia kwamba ameanza kuchanganyikiwa, akapunguza kumtembelea.

Neno "mawazo" ni gunia. Ndani yake tumetia vitu visivyofanana hata kidogo, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kutafsiri, na vipeperushi vya afya vimepita mezani kwangu vingi kiasi kwamba nimejifunza kuogopa neno moja linalobeba mizigo minne. Kwa hiyo hapa nitayaweka maneno mawili mawili, bega kwa bega, ili ukipeleka shida yako mahali uipeleke kwa jina lake.

Msongo na wasiwasi

Msongo una mwenyewe, na mwenyewe yuko nje. Marejesho ya kikoba, mtihani, bosi, mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, ada ya muhula. Kuna kitu kinachokusonga, na ukiulizwa unaweza kukinyooshea kidole. Mwanasayansi aliyeipa hali hii umaarufu ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi kuhusu panya. Alikuwa amewatesa kwa njia tofauti: baridi, upasuaji, mazoezi ya kupita kiasi, dawa zenye sumu. Alipowapasua, ndani walifanana: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tumbo lina vidonda. Mwili haukujali panya ametendwa nini. Ulijibu kwa namna ileile. Ndiyo maana mtu anayedaiwa na mtu anayeuguza huweza kulalamikia tumbo lilelile.

Wasiwasi ni mwingine. Huu hauhitaji mwenyewe wa nje. Unaanza na marejesho, marejesho yakilipwa unahamia kwa mtoto aliyesafiri, mtoto akifika salama unahamia kwenye uvimbe mdogo shingoni. Ni kama tumbili: tawi hili likikatika, tayari yuko kwenye jingine. Madaktari wanaofuata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili husubiri hali hiyo ifikishe miezi 6, tena iwe siku nyingi kuliko zile za utulivu, kabla ya kuiita ugonjwa wa wasiwasi.

Kipimo changu cha mtaani, ambacho hakichukui nafasi ya daktari, ni swali moja: deni likilipwa leo, utalala? Ukijibu "nitalala mpaka asubuhi", huo unafanana na msongo, na fedha au ratiba mpya au ndugu wa kukusaidia kuuguza vitafanya kazi kuliko vidonge. Ukijibu "nitalala leo, kesho sijui", tunaanza kuzungumzia wasiwasi.

Nitoke nje ya mstari kidogo, kwa sababu neno lenyewe lina hazina. Wasiwasi umetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, ule wa shetani kifuani mwa mtu. Watu wa Pwani wanamfahamu vizuri "mtu wa wasiwasi": anayetia udhu, akasimama, akarudi bombani kwa kuhofia maji hayakufika kisigino, akatia tena, na tena, mpaka jamaa wametoa salamu ya kumaliza sala yeye bado ana mikono mibichi. Mashehe wamemshughulikia mtu huyu kwa karne nyingi kabla saikolojia haijazaliwa, na ushauri wao kwamba asiujibu ule mnong'ono haupo mbali na wanachofundisha wataalamu leo. Kitaalamu hali hiyo hutengwa na wasiwasi wa kawaida: fikra inayong'ang'ania, halafu kitendo kinachorudiwa ili kuituliza. Anayefunga mlango mara kumi na moja usiku yuko kundi hilo, hata kama hana dini. Ukimweleza daktari, usiishie kwenye "nina wasiwasi". Taja kile kitendo na idadi.

Na shangazi je? Yeye alikuwa na sura nyingine ya wasiwasi, ile inayokuja kwa kishindo: shambulio la hofu. Hupanda haraka, mara nyingi hufikia kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Linaiga ugonjwa wa moyo kwa ustadi wa kutisha. Kwa sababu hiyo nasema wazi: maumivu ya kifua ya mara ya kwanza yapelekwe hospitali yakapimwe, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40 au mwenye kisukari. Usijiambie ni hofu tu kwa kuwa umesoma mahali. Ila vipimo vikirudi safi mara ya pili, ya tatu na ya nne, acha kutafuta mashine bora zaidi, badilisha swali.

Huzuni na sonona

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hapa ndipo lugha yetu inapotuangusha.

Magazeti mengi huandika "msongo wa mawazo" kwa hali ya mfanyakazi aliyezidiwa kazi, kisha ukurasa unaofuata hutumia maneno hayohayo kwa mtu ambaye hajatoka kitandani wiki tatu. Msomaji anabaki na picha kwamba wa pili naye anahitaji likizo. Kenya utasikia mfadhaiko, unyogovu, au depresheni moja kwa moja. Tanzania, hospitali zimeshikilia sonona, na mimi nasimama nao. Kusononeka ni kuumwa ndani ya moyo kimyakimya, na neno hilo halichanganyiki na uchovu wa kazi.

Huzuni ni hisia; sonona ni ugonjwa. Huzuni ina sababu, ina mapumziko, na haimnyimi mtu ladha ya kila kitu. Umeachwa na mchumba, unalia, lakini chapati ya moto bado ni tamu na mjomba akisema upuuzi unacheka. Sonona inaanza kuhesabiwa pale hali inapodumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Lazima kuwepo moja kati ya mambo mawili: moyo mzito, au kupotea kwa hamu ya vitu ulivyovipenda. Kisha huongezeka mengine: usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, nguvu kuisha, akili kutotulia, mwendo kuwa wa taratibu au mtu kuhangaika bila kutulia, kujiona hufai, na mawazo ya kifo. Katika dalili 9, daktari hutafuta angalau 5.

Zingatia hilo neno "au". Mtu anaweza kuwa na sonona bila huzuni. Namfahamu kaka mmoja muuza chipsi ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakukosa mechi ya Simba na Yanga. Siku ya mechi mafuta yaliungua kwenye karai yeye macho yako kwenye televisheni. Siku moja nikamuuliza matokeo. Hajui. Nikadhani timu yake imefungwa, anaona aibu. Hapana, hakutazama. "Sina hamu nayo tu," alisema, na uso wake haukuonyesha kulia wala kucheka. Alikuwa akilalamikia mgongo na kichwa kwa miezi, amemaliza madawa ya maumivu ya duka zima. Wengi wetu sonona huingia kwa mlango huo wa mwili: mwili wote unauma, tumbo linawaka, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi.

Katikati ya huzuni na sonona yapo majonzi ya msiba. Jamii zetu zina kalenda yake: matanga, arobaini, na kwa mjane Mwislamu eda ya miezi minne na siku kumi. Watu husema kalenda hizo ni mila tu, lakini mimi naona zina hekima ya kitabibu ndani yake: zinampa mfiwa ruhusa ya kutokuwa sawa, kisha zinamrudisha taratibu kwa watu. Majonzi huja kwa mawimbi. Hata siku ya pili ya matanga utasikia kicheko pale mtu anapokumbushia vituko vya marehemu, halafu kilio kinarudi. Ndani ya sonona kicheko kile hakiji. Tofauti nyingine ninayoiona ina uzito zaidi: mwenye majonzi anamtamani aliyeondoka, mwenye sonona anajichukia yeye aliyebaki. Shirika la Afya Duniani huanza kuyaita majonzi ugonjwa yakishavuka miezi 6 yakiwa makali kupita kile ambacho dini na mila za mhusika zinakitarajia. Mwongozo wa Marekani unasubiri miezi 12 kwa mtu mzima.

Kwa mama aliyejifungua, machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida. Yakivuka wiki mbili, aonwe.

Lipo pia dodoso la maswali 9 ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na hutumika kwenye kliniki za Kenya na Tanzania. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefikisha 10 kwa kawaida huombwa aonane na mtaalamu. Ni chujio tu, halitoi hukumu. Swali la mwisho huuliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Wengi huogopa kuliuliza wakidhani watampa mtu wazo. Hapana, kuuliza kwa upole hakupandi mbegu hiyo, na mara nyingi aliyeulizwa hushusha pumzi. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, na safari ya hospitali ni siku hiyohiyo. Hofu ya polisi nayo ilifunga midomo mingi. Kwa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na katiba.

Kiwewe, na lile neno baya

Kiwewe sitakisemea sana. Kinahitaji tukio: ajali, ubakaji, vita, mafuriko. Tukio linarudi kwa ndoto au kwa kumbukumbu inayovamia mchana, mtu anakwepa njia ile, anashtuka mlango ukigongwa. Mwezi ukipita hali iko vilevile, atafute msaada.

Neno baya ni "kichaa". Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe tangu 1927. Nairobi kuna Mathari, iliyoanza 1910 kama kituo cha kutenga wagonjwa wa ndui. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Zote tatu ni hospitali za magonjwa ya akili, na majina yao yamegeuzwa matusi ya vijiweni, na tusi hilo ndilo linalomfanya mwenye wasiwasi wa kawaida akatae kuonwa: "Mimi siyo wa Mirembe!" Wengi wa wenye wasiwasi na sonona hawalazwi kamwe. Kinacholeta kulazwa zaidi ni hali ambayo mtu ametengana na uhalisia, anasikia sauti zisizokuwepo au ana imani zisizoyumbishwa na ushahidi, kama ilivyo katika skizofrenia. Nayo ina dawa.

Sasa, mlango upi?

Mshauri nasaha anakusikiliza, anakusaidia kupanga shida na kuamua. Haandiki dawa. Kwa msongo, migogoro ya ndoa, msiba, huyu anatosha, na ni wa bei nafuu kuliko wenzake. Wengine wako kwenye kliniki za serikali, vyuo na nyumba za ibada. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya kusajili washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo Mkenya ana haki ya kuuliza leseni bila kuona haya.

Mwanasaikolojia tiba amekwenda mbali zaidi kwenye upimaji na tiba ya mazungumzo. Naye kwa kawaida haandiki dawa. Kwa wasiwasi, shambulio la hofu na sonona isiyo kali, ningeanzia kwake kama yuko karibu na mfuko unaruhusu. Tatizo ni hilo "kama": nje ya miji mikubwa hapatikani kirahisi.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari miaka 5 au 6, akafanya mafunzo kazini, kisha akarudi darasani kwa ubingwa. Anaandika dawa na anaweza kutofautisha sonona na tezi ya shingo iliyolegea au upungufu wa damu, magonjwa yanayoiiga. Sonona kali, sauti, mawazo ya kujiua: nenda kwake, au kwa tabibu wa kituo cha afya kilicho karibu akupe rufaa. Na umwambie jambo moja ambalo watu husahau kulitaja: kama umewahi kuwa na kipindi cha wiki nzima cha kulala kwa saa mbili au tatu tu huku nguvu zimejaa, maneno hayaishi, fedha zinatapanywa. Huenda huko kushuka kwako kuna kupanda pia, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumrusha mtu wa namna hiyo juu.

Shehe, mchungaji, padri? Waendee, sina ugomvi. Ila ukiambiwa uache dawa ndipo dua ifanye kazi, badilisha kiongozi, usibadilishe dawa.

Kati ya mazungumzo na vidonge, watu huuliza kipi bora. Kwa wasiwasi na sonona nyepesi, mazungumzo yana nguvu na hayana madhara ya tumbo. Sonona ikiwa kali, viwili pamoja hushinda kimoja. Tiba ya mazungumzo iliyopimwa zaidi ni ile ya fikra na tabia, aliyoijenga daktari wa akili Aaron Beck huko Philadelphia miaka ya 1960. Haina kochi wala miaka ya kusimulia utoto kama ile ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyewalaza wagonjwa kwenye kochi wasimulie. Mara nyingi ni vikao 12 hadi 20, na kuna kazi ya nyumbani. Shangazi alipewa daftari. Upande mmoja aandike alichowaza, upande wa pili kilichotokea. Kikao cha tatu aliulizwa: "Mama, umewaza unakufa mara ngapi?" Akahesabu: kumi na tisa. "Na umekufa mara ngapi?" Alicheka mpaka akavua miwani.

Kwenye vidonge, tofautisha mbili hizi. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huanza kuonyesha matunda baada ya wiki 2 hadi 4, na huendelea kumezwa miezi 6 au zaidi hata baada ya kupona. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kitu. Diazepamu, ile valiamu ya zamani, hutuliza ndani ya saa moja, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini mwili huizoea ndani ya wiki chache, kuiacha kukawa shida mpya juu ya ile ya zamani. Ya kwanza inachelewa na inaponya. Ya pili inawahi na inaweza kukufunga.

Pasipo na mwanasaikolojia, je? Zimbabwe walijiuliza hivyo mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua shida moja baada ya nyingine. Hawakuanza na neno la kitabu. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba miezi 6 baadaye waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo lile gunia letu la "mawazo" silitupi. Linafaa kufungulia mazungumzo, mradi aliyekaa mbele yako ana muda wa kutoa kilichomo kimoja kimoja.

Kwenye dirisha la kituo cha afya muda huo haupo. Una dakika tano. Shangazi aliandika karatasi kabla ya kwenda, kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya zamani, na tabibu aliisoma mara moja tu kabla ya kumwandikia rufaa: "Wiki sita. Moyo unakimbia usiku mara tatu kwa wiki, dakika kama kumi, halafu unatulia. Presha nimepimwa mara nne, ni nzuri. Nimeacha kupanda daladala naogopa itanikuta njiani. Chakula nakula. Kufa sitaki."